Idadi ya vipindi vya kusafisha damu itokane na vipimo vya mgonjwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nizungumzie huduma ya kusafisha damu kwa wagonjwa ambao figo zao zimeshindwa kufanya kazi. Kila wodi mpya ya huduma hii inapofunguliwa, tunasoma idadi ya mashine zilizonunuliwa, gharama yake na jina la kiongozi aliyekata utepe. Sibezi habari hizo hata kidogo, kwa sababu haikuwa zamani sana ambapo mgonjwa wa mikoani alilazimika kuhamia Dar es Salaam ili aishi karibu na mashine, au kwenda India ikiwa ndugu zake walikuwa na uwezo. Hata hivyo, kuna swali ambalo silioni likiulizwa magazetini, na mara nyingi haliulizwi wodini pia: mgonjwa huyu anasafishwa kiasi gani, na je, kiasi hicho kinautosha mwili wake? Mimi ni mhandisi wa vifaa tiba, na kazi yangu ni kuzihudumia mashine hizi. Ninaandika kwa sababu ninaamini kwamba jibu la swali hilo linapatikana, kwa gharama ndogo, na kwamba tunawapotezea wagonjwa wetu afya kwa kutolitafuta.

Nianze na jinsi kifaa chenyewe kilivyopatikana, maana humo ndimo hoja yangu ilimo. Figo bandia haikutokana na ubunifu wa fundi aliyekuwa akibahatisha. Willem Kolff, daktari kijana wa Uholanzi, alichukua utando wa selofeni uliokuwa ukitumika viwandani kufungashia soseji, akaujaza damu iliyoongezwa yurea (taka inayotokana na protini, ambayo figo nzima huitoa kwenye mkojo), akautikisa ndani ya maji ya chumvi na kupima yurea ilikuwa inatoka kwa kasi gani. Kwa kipimo hicho alikadiria urefu wa utando ambao ungehitajika kumsafisha mtu mzima, na ndipo alipotengeneza pipa la mbao lenye kuzunguka, akaliviringishia utando huo na kulitumia kwa mgonjwa mwaka 1943 katika mji wa Kampen, wakati nchi yake ikiwa imekaliwa na majeshi ya Ujerumani. Karibu wagonjwa wake wote wa mwanzo walifariki dunia. Aliyepona kwanza kwa msaada wa mashine hiyo alikuwa mama wa miaka 67, mwaka 1945. Ninachotaka msomaji akione ni mpangilio wa kazi: kipimo kilitangulia, hesabu ikafuata, mashine ikaja mwisho.

Mwaka 1960, huko Seattle, Marekani, Belding Scribner na wenzake waliweza kumwekea mgonjwa mrija wa kudumu mkononi, hivyo ikawezekana kuunganishwa na mashine tena na tena bila kuharibu mshipa kila mara. Kuanzia hapo swali lilibadilika. Kabla ya hapo daktari alikuwa anamvusha mgonjwa siku chache mpaka figo zake zirudi. Sasa alikuwa na mtu ambaye figo zake hazitarudi kamwe, na ambaye angehitaji kusafishwa kwa miaka. Asafishwe saa ngapi? Mara ngapi kwa wiki? Waliosaidia kulijibu swali hilo, pamoja na madaktari, walikuwa wahandisi. Les Babb, aliyekuwa akifundisha uhandisi wa nyuklia katika Chuo Kikuu cha Washington, ndiye aliyeongoza utengenezaji wa mashine iliyochanganya maji na dawa kwa uwiano sahihi muda wote, badala ya kukoroga matangi makubwa kwa mikono. Mwaka 1966 Alan Michaels alitoa mlinganyo unaoonyesha kichujio kitasafisha kiasi gani cha damu, ukijua ubora wa utando wake, kasi ya damu inayoingia na kasi ya maji ya dawa yanayopita upande wa pili. Mlinganyo huo ungali unatumika hadi leo. Kwa kuutumia, msanifu wa kichujio anaweza kuona kwenye karatasi kwamba kuongeza kasi ya damu kutoka mililita 200 hadi 300 kwa dakika kuna faida kubwa, lakini kuendelea kuiongeza bila kuongeza eneo la utando kunaleta faida inayozidi kupungua, na anaweza kuyajua hayo kabla hajatengeneza kichujio hata kimoja.

Kisha wakaja daktari Frank Gotch na mhandisi John Sargent wa California. Wao waliuangalia mwili mzima wa mgonjwa kama pipa la maji lenye ujazo unaojulikana, ambalo yurea inaingia humo mchana na usiku kutokana na protini tunayokula, na kutolewa tu pale mashine inapowashwa. Ukijua ujazo wa pipa, kasi ya kuingia na kasi ya kutoka, unaweza kuchora kupanda na kushuka kwa yurea kwa wiki nzima. Mwaka 1985 walichambua upya matokeo ya utafiti mkubwa uliokuwa umefanyika Marekani na kuonyesha kwamba hali ya wagonjwa iliendana na namba moja tu: kasi ya usafishaji wa kichujio, mara muda wa kipindi, ukigawanya kwa maji yote yaliyomo mwilini. Katika herufi za kitaalamu huandikwa Kt/V, na madaktari na wauguzi wa figo dunia nzima huitamka hivyo hivyo. Kwa mgonjwa anayesafishwa mara tatu kwa wiki, mwongozo wa Marekani unaotumiwa na wengi unataka namba hiyo isishuke chini ya 1.2 kwa kila kipindi, na unapendekeza ilengwe 1.4.

Nitatoa mfano ili isionekane kwamba hili ni jambo la maprofesa peke yao. Mgonjwa mwenye uzito wa kilo 60 anaingia wodini akiwa na yurea ya milimoli 30 kwa lita. Anasafishwa saa 4, anatolewa lita 2.5 za maji yaliyozidi, na anapomaliza yurea yake ni 10. Ukiziweka namba hizo katika fomyula ambayo daktari John Daugirdas aliichapisha mwaka 1993, na ambayo simu yoyote yenye kikokotoo cha kisayansi inaiweza, unapata takribani 1.3. Amevuka kiwango cha chini, ingawa hajafikia lengo. Mwenzake wa kitanda cha pili, mwenye uzito uleule, anaondolewa baada ya saa 3 kwa sababu zamu inayofuata inasubiri, na yurea yake imeshuka kutoka 30 hadi 12.5 tu. Huyo amepata takribani 1.04. Wote wawili wamelala kwenye vitanda vya aina moja, wameunganishwa na mashine za aina moja, na bima imelipa fedha zilezile. Kwenye daftari la wodi wote wameandikwa kwamba wamesafishwa. Mmoja ametibiwa, na mwingine ametibiwa nusunusu, na bila vipimo viwili vya damu hakuna mtu wodini awezaye kuwatofautisha.

Hapa nimkumbushe muuguzi jambo dogo ambalo huharibu hesabu yote. Damu ya kipimo cha pili isichukuliwe wakati pampu ikiwa katika kasi yake ya kawaida, wala isichukuliwe baada ya sindano kutolewa na mgonjwa kuketi kwa muda usiojulikana. Pampu ipunguzwe hadi mililita 100 kwa dakika, isubiriwe sekunde kama 15, ndipo damu ichukuliwe kwenye mrija unaotoka kwa mgonjwa. Sababu ni kwamba sehemu ya damu iliyokwisha safishwa inaweza kurudi moja kwa moja kwenye mashine, na ukiipima hiyo utapata namba ya kupendeza isiyo ya kweli. Aidha, yurea iliyojificha kwenye misuli huendelea kurudi kwenye damu kwa muda wa nusu saa hadi saa nzima baada ya kipindi, na ndiyo maana wataalamu, mbali na pipa moja, wakaanza kutumia pia modeli ya mapipa mawili yaliyounganishwa.

Sasa nije kwenye suala la wiki, ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Katika nchi zetu wagonjwa wengi husafishwa mara mbili kwa wiki. Nchini Kenya, mfuko wa bima wa zamani, NHIF, ulikuwa ukilipia vipindi viwili kwa wiki, na kwa miaka mingi ratiba hiyo ikazoeleka kana kwamba imetokana na tiba. Kwa wanaolipa mfukoni, idadi ya vipindi huamuliwa na kilichouzwa nyumbani mwezi huo. Mara nyingi nimesikia ikisemwa kwamba mgonjwa wa mara mbili anaweza kufidiwa kwa kurefushiwa saa. Dai hilo linapimika, na nililipima kwa kutumia mlinganyo wa dozi ya wiki ambao unaheshimika katika taaluma hii. Dozi hiyo si jumla ya Kt/V za vipindi; inalinganisha ratiba ya mgonjwa na usafishaji usiokoma wiki nzima, kama wa figo, kwa hiyo namba zake ni ndogo kuliko jumla hiyo. Kwa kipindi cha saa 4 kinachofikia lengo la 1.4, vipindi vitatu kwa wiki vinampa mgonjwa dozi ya wiki ya takribani 2.2, na kiwango cha chini kinachokubalika ni 2.1. Vipindi viwili vilevile vinampa takribani 1.4 kwa wiki. Ukivirefusha vyote viwili hadi saa 8, jambo ambalo hakuna wodi yetu inayoweza kulifanya, anafika takribani 2.0, yaani bado hajafikia kiwango cha chini. Hii ni kwa sababu katika saa za mwisho damu imeshapungua yurea, kwa hiyo mashine inafanya kazi ileile na kutoa kidogo, ilhali siku anazokaa nyumbani sumu inajikusanya bila kupumzika. Mgonjwa wa Jumatatu na Alhamisi hukaa siku tatu bila kusafishwa, kisha siku nne.

Maji yana hesabu yake, nayo ni ngumu zaidi. Mgonjwa wa kilo 60 asiyekojoa tena, anayeongezeka lita moja kwa siku, atakuja wodini Jumatatu akiwa na lita 4 za ziada. Kuzitoa katika saa 4 ni kutoa zaidi ya mililita 16 kwa kila kilo kwa saa, wakati wataalamu wengi hushauri zisizidi 13. Ndiyo chanzo cha misuli kukaza, kizunguzungu, kutapika na shinikizo la damu kuporomoka, mambo ambayo kila muuguzi wa wodi hizi anayafahamu kwa macho yake. Mgonjwa huyohuyo akija mara tatu kwa wiki, hata baada ya pengo lake refu zaidi la siku tatu, anahitaji kutolewa mililita 12.5 kwa kilo kwa saa. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani waliochambua kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 32,000 wa ratiba ya mara tatu walionyesha kwamba vifo huongezeka siku inayofuata lile pengo refu la wiki: vifo 22.1 kwa kila wagonjwa 100 kwa mwaka, ikilinganishwa na 18.0 katika siku nyingine. Huko pengo lao refu ndilo pengo fupi la wagonjwa wetu.

Mtu anaweza kudhani kwamba ninadai kila mgonjwa apewe vipindi vitatu, na kwamba nimesahau umaskini wa nchi. Sidai hivyo, na hapa ndipo modeli inaposaidia mifuko ya bima kuliko inavyodhani. Figo zinaposhindwa, mara nyingi hazizimiki kabisa. Wagonjwa wengi wapya bado wanakojoa. Chukua mgonjwa anayetoa lita 0.72 za mkojo kwa siku, yaani nusu mililita kwa dakika, na mkojo huo una yurea mara sita ya ile iliyomo kwenye damu yake. Figo zake bado zinasafisha mililita 3 za damu kila dakika, usiku na mchana, bila umeme. Kwa mtu mwenye lita 36 za maji mwilini, hiyo ni nyongeza ya takribani 0.84 katika dozi ya wiki. Ukiijumlisha na 1.4 ya vipindi viwili anavuka 2.1 bila tatizo. Kwa mgonjwa huyo vipindi viwili ni tiba kamili, na kumlazimisha kuja mara tatu ni kumchosha na kupoteza fedha za umma. Lakini jirani yake asiyekojoa kabisa, akipewa vipindi viwili vilevile, anapungukiwa theluthi ya dozi kila wiki, na upungufu huo unamla polepole: hamu ya kula inakwisha, anakonda, anawashwa mwili, analazwa mara kwa mara, na ndugu wanasema ugonjwa umezidi. Kinachohitajika kuwatambua hawa wawili ni dumu safi la kukusanyia mkojo na kipimo cha yurea ambacho maabara ya hospitali ya wilaya inakiweza. Kipimo hicho kirudiwe angalau kila miezi mitatu, kwa kuwa mkojo huendelea kupungua na aliyetoshwa na vipindi viwili mwaka huu huenda asitoshwe mwakani.

Naomba niseme pia kuhusu mashine zenyewe, kwa sababu ndizo ninazozifungua kila siku. Ndani ya kila moja kuna mifumo kadhaa ya udhibiti inayofanya kazi kwa mrejesho. Kihisi kimoja kinapima joto la maji ya dawa na kuiagiza hita iongeze au ipunguze. Kingine kinapima uwezo wa maji hayo kupitisha umeme, ambao huonyesha kiasi cha chumvi, na kuziagiza pampu za kuchanganyia zijirekebishe. Vingine vinalinganisha ujazo wa maji yanayoingia na yanayotoka kwenye kichujio ili mgonjwa apunguzwe uzito uliokusudiwa na usizidi. Kila mmoja wa mifumo hiyo ulijaribiwa kwenye modeli kabla ya kuunganishwa na binadamu, kwa kuwa hita inayochelewa kuitikia au inayopitiliza lengo inaweza kuipasha damu ya mtu joto kupita kiasi. Katika mji wa Bologna, Italia, Antonio Santoro na wenzake walikwenda mbali zaidi: waliifanya mashine ifuatilie jinsi ujazo wa damu ya mgonjwa unavyopungua wakati wa kipindi, na kurekebisha kwa pamoja kasi ya kutoa maji na kiasi cha chumvi. Katika utafiti wao wa mwaka 2002, uliofanyika kwa wagonjwa ambao shinikizo lao la damu lilikuwa likishuka mara kwa mara, vipindi vyenye tatizo hilo vilipungua kwa takribani asilimia 30.

Mashine nyingi zilizomo katika wodi zetu zina uwezo mwingine ambao hautumiki. Zinaweza kubadilisha kidogo chumvi ya maji ya dawa kwa dakika chache, zikapima mabadiliko hayo yanavyotokea upande wa kutokea, na kutokana na tofauti hiyo zikakadiria kasi halisi ya usafishaji wa yurea bila kutoa hata tone la damu. Namba inatokea kwenye skrini wakati kipindi kikiendelea, na muuguzi anaweza kuona mapema kwamba leo mgonjwa hatafikia lengo, pengine kwa sababu fistula (mshipa wa mkononi ulioandaliwa kwa upasuaji ili uchomwe sindano za mashine) inatoa damu kidogo au kichujio kimeanza kuganda. Ila mashine haiwezi kujua maji yaliyomo mwilini mwa mgonjwa, lazima iambiwe. Katika wodi moja ambayo sitaitaja nilikuta mashine zote zikiwa na ujazo mmoja wa mwili, ule ulioachwa na waliozifunga, kwa mama mwembamba na kwa baba mnene sawasawa. Namba ilikuwa inaonyeshwa kila siku na ilikuwa haina maana yoyote. Kuingiza urefu, uzito, umri na jinsia ya mgonjwa hakuchukui dakika mbili. Nasikitika kusema kwamba mafunzo yanayotolewa mashine zinapokabidhiwa huishia kwenye kuwasha, kuzima na kusafisha, na mara nyingi mhandisi haalikwi kabisa katika mafunzo ya wauguzi, wala daktari katika mafunzo ya wahandisi.

Ninaelewa kwamba namba hii ina mipaka, na anayeitetea hana budi kuitaja. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002, uliowahusisha wagonjwa 1,846, ulionyesha kwamba kupandisha dozi juu sana ya kiwango cha kawaida, kwa ratiba ya mara tatu, hakukupunguza vifo. Kwa hiyo hatuhitaji kuikimbiza namba bila kikomo. Tunahitaji kuhakikisha hakuna anayeachwa chini yake. Tena, yurea ni sumu moja kati ya nyingi, na kuna nyingine kubwa zaidi ambazo hupita kwenye utando kwa taabu. Na kuna mtego ambao kwetu una hatari ya pekee: mgonjwa anapokonda kwa kukosa lishe, maji ya mwili wake hupungua, mgawanyo unakuwa na kigawanyo kidogo, na Kt/V yake inapanda. Anaonekana kuendelea vizuri kwenye karatasi wakati anadhoofika kitandani. Kwa sababu hiyo uzito mkavu (uzito wa mgonjwa maji ya ziada yakiwa yametolewa), hamu ya kula na kiasi cha protini mgonjwa anachokula visomwe pamoja na namba hiyo kila mwezi. Modeli ileile inaweza hata kukadiria protini anayokula, kwa kuangalia yurea inapanda kwa kasi gani kati ya kipindi na kipindi, kwa hiyo muuguzi anayeambiwa na mgonjwa kwamba anakula vizuri ana njia ya kuhakikisha bila kumsimanga.

Fomyula inayotumika sana kukadiria maji ya mwili, ya Watson na wenzake ya mwaka 1980, ilitokana na vipimo vya watu wa nchi za Magharibi. Sijui kwa nini tuendelee kuikopa bila kuihakiki. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) inafundisha mafundi sanifu wa vifaa tiba, Makerere inatoa shahada ya uhandisi wa tiba, na wanafunzi wa vyuo hivyo wana hisabati ya kutosha kuandika milinganyo ya Gotch na Sargent katika kompyuta ya kawaida, wakamtengeneza mgonjwa wa kuigiza mwenye uzito, chakula na ratiba ya wagonjwa wetu, kisha wakalinganisha utabiri wao na vipimo halisi vya wodi iliyo jirani. Hakuna mgonjwa atakayeguswa katika zoezi hilo. Tena wana matatizo ya kwetu ambayo vitabu vya nje havihangaiki nayo. Kipindi kimoja cha saa 4 hutumia takribani lita 120 za maji yaliyochujwa sana, kwa kasi ya mililita 500 kwa dakika. Maji yakikatika, au umeme ukikatika na jenereta ikachelewa, betri ya mashine huendesha pampu kwa muda wa kutosha kumrudishia mgonjwa damu yake, lakini usafishaji umesimama. Tunapaswa kujua kama dakika 40 zilizopotea katika saa ya kwanza, wakati yurea ingali juu, zinagharimu zaidi kuliko dakika 40 za mwisho, na kama kupunguza kasi ya maji ya dawa hadi mililita 400 siku ya uhaba kunaathiri dozi kwa kiasi kinachovumilika. Maswali hayo yanajibika kwa uigaji wa kompyuta katika muhula mmoja, na majibu yake yangebandikwa ukutani kwenye kila wodi.

Kwa upande wa mifuko ya bima, ombi langu ni la kiofisi. Fomu ya madai ya kila mwezi iongezwe sehemu za kuandika yurea ya kabla na baada ya kipindi, muda halisi ambao mgonjwa alisafishwa, maji yaliyotolewa, na usafishaji unaobaki wa figo zake kwa mujibu wa mkojo. Wodi isiyojaza iulizwe. Mgonjwa ambaye vipimo vyake vinaonyesha kwamba vipindi viwili havimtoshi aruhusiwe cha tatu bila kulazimika kwenda makao makuu na barua mkononi, na yule ambaye vinamtosha aelezwe hivyo na kuonyeshwa namba zake. Gharama ya vipimo hivyo ni sehemu ndogo sana ya bei ya kipindi kimoja. Dakika zilizopotea kwa sababu ya umeme, maji au foleni ya zamu nazo ziandikwe katika faili la mgonjwa na zilipwe katika kipindi kinachofuata, kama tunavyoandika vidonge ambavyo mgonjwa hakupewa.

Wako,

Mhandisi wa vifaa tiba,
Mwanza